Vali ya presha ya 1.5 bar kwenye bomba la mgongoni: inachofanya na inachodai

Bomba la mgongoni la lita 16 au 20, lile ambalo wakulima wengi wa Tanzania huliita solo hata kama halikutengenezwa na kampuni ya Solo, lina tangi, pampu, chemba, mpira, triga, mkuki na nozeli. Mara nyingi halina kidhibiti cha presha. Mkono wa kushoto unapiga pampu, wa kulia unabana triga, na kinachotoka mbele hutegemea bega la mpulizaji na uchovu wa saa hiyo. Vali tunayoipima hapa ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani. Hufungwa mwisho wa mkuki, nyuma kidogo ya nozeli, na kazi yake ni kuhakikisha nozeli inapata 1.5 bar (bar ni kipimo cha presha), pampu ipigwe kwa kasi au taratibu. Aina inayojulikana zaidi ni CFValve nyekundu. Zipo na nyingine za kanuni ileile.

Ili kuona kwa nini kipande hiki kina maana, anza na nozeli yenyewe. Nozeli ni tundu, na maji yanayopita kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikipanda mara nne, maji yanaongezeka mara mbili. Nozeli ya bluu, namba 03, hutoa lita 1.2 kwa dakika kwenye 3 bar. Kwenye 1 bar inatoa karibu lita 0.69, na kwenye 4 bar inatoa 1.39. Bomba lenye sili nzima linaweza kabisa kuyumba kati ya presha hizo mbili ndani ya shamba moja: asubuhi mpulizaji ana nguvu na pampu inajaa, saa sita anapanda mwinuko na mkono umelegea.

Sasa weka dawa ndani ya hesabu hiyo. Tuseme lebo ya kiuagugu inataka lita 1 kwa ekari. Mpulizaji anatembea mita 1 kwa sekunde, nozeli inafunika upana wa mita 1, yaani mita za mraba 60 kwa dakika. Akiwa na 1.5 bar kwenye nozeli ya bluu anatoa lita 0.85 kwa dakika, sawa na lita 57 kwa ekari, ambazo ni bomba 3.6 za lita 16. Kwa hiyo kila bomba linapata mililita 278 za dawa. Mchanganyiko huohuo, kwa mwendo uleule, ukipigwa kwa 4 bar unamwaga lita 1.63 za dawa kwenye ekari. Ukipigwa kwa 1 bar unamwaga lita 0.82. Mkulima alipima dawa kwa uangalifu kwenye kizibo, akahesabu bomba zake, na bado ekari yake ina vipande vilivyopata karibu mara mbili ya vingine. Palipopungua, ndago huchipua upya. Palipozidi, kama ni kiuagugu cha kuchagua (kinachoua magugu na kuliacha zao) ndani ya mahindi, majani hugeuka njano na lawama anabebeshwa mwenye duka la pembejeo.

Hilo ndilo tatizo ambalo vali inatatua, na inalitatua vizuri.

Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, springi nyuma ya kiwambo, na kizibo chembamba kinachokaa juu ya tundu la kuingilia maji. Vali ikiwa haina presha, springi imekisukuma kizibo na njia imefungwa. Presha ya mkuki ikifika kiwango cha kufungulia, maji yanakisukuma kiwambo, springi inabonyea, kizibo kinanyanyuka na nozeli inaanza kutoa. Presha ikiendelea kupanda, kiwambo kinarudi nyuma zaidi na kinaibana njia kidogo kidogo, kiasi cha kuiacha 1.5 bar tu ipite mbele. Mkuki unaweza kuwa na 3 bar, nozeli isijue. Presha ikishuka chini ya kiwango, springi inashinda na njia inafungwa papo hapo. Hakuna kudondoka, hakuna ule mkojo wa mwisho unaotoka nozeli inapokosa nguvu na kumwaga matone makubwa mahali pamoja.

Kwa hiyo hii vali pia inazungumza na mpulizaji. Ikikata, maana yake pampu imelegea. Hahitaji geji wala kukisia. Anapiga pampu mara chache, inarudi. Kwa kibarua anayefundishwa kwa mara ya kwanza hili ni jambo kubwa kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Kanuni hii haikuanzia kwenye mahindi. Wapulizaji wa dawa-ukoko majumbani, kazi iliyofanyika kwa miaka mingi Zanzibar na mikoa ya Kanda ya Ziwa dhidi ya mbu wa malaria, hutumia mabomba ya kujaza hewa kwanza kisha kupuliza huku presha ikishuka. Kwao Shirika la Afya Duniani linapendekeza vali ya 1.5 bar pamoja na nozeli ya feni (inayotandaza maji bapa kama feni) namba 02, kwa sababu ukuta wa mwisho lazima upate dawa sawa na wa kwanza. Shamba lina haja ileile, ila huku hakuna msimamizi anayepita na jagi la kupimia.

Sehemu inayohitaji umakini kuliko zote ni uchaguzi wa nozeli, na hapa ndipo wengi hununua vali kisha wakasema haina kazi. Nozeli nyingi za feni zimetengenezwa kufanya kazi kati ya 2 na 4 bar. Ukizipa 1.5 bar, feni inasinyaa, kingo zinakuwa nzito na katikati panakonda. Tafuta feni ya presha ya chini, ambayo mtengenezaji ameandika kuwa inaanza kufanya kazi kwenye 1 bar. Nozeli za kuvuta hewa, zile zenye vitundu ubavuni, nyingi zinataka 2 bar na zaidi, kwa hiyo usizifunge mbele ya vali nyekundu mpaka umesoma kiwango chake cha chini. Nozeli ya koni inayokuja na bomba la dukani nayo inataka presha kubwa ili ipasue maji kuwa matone madogo. Kwenye 1.5 bar inatoa matone manene yanayoteleza juu ya jani la kabichi au kitunguu.

Kwa viuagugu, matone manene ni faida. Hayapeperuki hadi kwenye maharage ya jirani, na hayahitaji kuingia ndani ya kichaka. Kwa ukungu wa nyanya iliyofunga, ambapo dawa inatakiwa ifike chini ya jani, vali nyekundu si chaguo letu. Hapo tafuta ya 3 bar, ambayo kwa CFValve ni ya kijani, uifunge na koni iliyopangwa kwa presha hiyo. Ujue tu kwamba mkono utachoka mapema: idadi ya mapigo ya pampu inafuata lita unazotoa, lakini uzito wa kila pigo unafuata presha. Katikati kuna ya bluu ya 2 bar, na chini kabisa ya njano ya 1 bar.

Rangi zenyewe zinachanganya, na ni vyema kulisema wazi. Rangi ya nozeli ni kiwango cha kimataifa kinachoonyesha ukubwa wa tundu: chungwa ni 01, kijani 015, njano 02, zambarau 025, bluu 03, nyekundu 04. Rangi ya vali inaonyesha presha, na inafuata mtengenezaji wake. Nozeli nyekundu na vali nyekundu hazina undugu wowote. Ukifika dukani ukaomba “ile nyekundu” unaweza kurudi na nozeli inayotoa lita 1.6 kwa dakika kwenye 3 bar ukidhani umenunua kidhibiti cha presha. Soma namba ya bar iliyoandikwa kwenye mwili wa vali.

Beba na mkuki wako dukani. Thredi za mabomba hazifanani. Mabomba mengi ya bei nafuu yana thredi ambazo hazikubaliani na nati ya vali, na kuilazimisha kwa koleo kunapasua shingo ya plastiki. Zipo adapta, ila kila adapta ni sehemu nyingine ya kuvujia. Kama mkuki wako haukubali bila adapta mbili, nunua mkuki mpya unaolingana na vali. Usumbufu utakuwa mdogo zaidi.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Jaza tangi lita 2 za maji safi, toa nozeli, bana triga na piga pampu mpaka mkuki umesafishika, maana uchafu wote uliolala kwenye mpira utaingia kwenye vali kwanza. Toa presha yote. Weka oringi (pete ya mpira ya kuziba) mahali pake, funga vali kwa mkono huku mshale wake ukielekea kwenye nozeli, kisha weka chujio dogo na nozeli mbele. Usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba mahali penye oringi. Oringi ndiyo inayoziba, tepu inaisogeza tu. Vipande vya tepu vikikatika huishia kwenye tundu la nozeli.

Kipimo cha kuijua vali nzima kutoka mbovu, au bandia, hakihitaji chombo zaidi ya jagi lenye alama za mililita na saa ya simu. Puliza ndani ya jagi kwa dakika 1 huku ukipiga pampu taratibu, kiasi tu cha kuzuia isikate. Andika. Mwaga, rudia kwa kupiga pampu kwa nguvu kadiri unavyoweza. Andika. Namba mbili zikikaribiana sana, ziwe ndani ya asilimia 5, vali inafanya kazi. Zikipishana kama vile hakuna vali, basi kiwambo kimechoka au ulichonunua ni ganda la plastiki lenye springi isiyojua kazi yake. Halafu linganisha na hesabu: nozeli ya njano 02 kwenye 1.5 bar inatakiwa itoe karibu mililita 570, ya bluu 03 karibu 850. Ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, nozeli imelika na inabadilishwa, haizibwi.

Baada ya hapo pima upana. Simama kwenye sakafu ya saruji au udongo mkavu, shika nozeli sentimita 50 juu, tembea kawaida, na tazama panapokauka kwanza na panapobaki maji. Upana unaokauka kwa pamoja ndio upana wako wa kweli. Kwa kuwa presha sasa haibadiliki, kilichobaki mikononi mwa mpulizaji ni mwendo na kimo cha mkuki, na vyote viwili vinafundishika.

Mambo yanayoharibika ni machache na yana sababu zinazoeleweka. La kwanza huja siku ya kwanza: mpulizaji anapiga pampu na hakuna kinachotoka. Mara nyingi vali haina kosa. Pampu yenye washa (mpira wa kuziba ndani ya pampu) iliyochakaa inayofika 1.2 bar ilikuwa inatoa maji bila vali, tena ya kutosha kumridhisha mwenyewe, lakini haifungui vali ya 1.5. Vali imeufichua ugonjwa uliokuwepo. Fungua silinda, badilisha washa, na angalia kigololi cha kuzuia maji yasirudi. Mara nyingi kina mchanga au ukoko wa dawa ya unga chini yake.

Tatizo lingine ni kukata na kutoa, kukata na kutoa, hata pampu ikipigwa mfululizo. Hapo nozeli ni kubwa kuliko uwezo wa pampu, au kuna uvujaji kabla ya vali, au tundu la kunyonyea chini ya tangi limezibwa na jani. Shuka namba moja ya nozeli kabla ya kubomoa bomba zima.

Vali ikidondosha baada ya kuachia triga, kuna chembe imekaa kwenye kizibo. Dawa za unga, hasa mankozebu na za shaba, ndizo zinazoongoza. Zikorogwe kwanza ndoo ndogo na maji kidogo mpaka ziwe uji usio na madonge, zichujwe kwa kitambaa, ndipo ziingie tangini. Vali yenyewe suuza kwa kuipitishia maji ya sabuni kwa pampu. Usiichokonoe kwa waya, na kamwe usiipulize kwa mdomo. Kama mwili wake umegundishwa, usiupasue. Haitarudi kwenye 1.5 bar, itarudi kwenye namba ambayo hakuna anayeijua. Dawa za mafuta zisilale ndani usiku, kwa sababu kiyeyushi chake huvimbisha mpira wa kiwambo polepole, na utakuja kugundua wiki ambayo viwavijeshi wameingia.

Na hili lisomwe mara mbili. Kwa kuwa vali hufunga presha ikishuka, mkuki na chemba hubaki na presha ndani hata baada ya nozeli kunyamaza. Mtu aliyezoea bomba la kawaida anaona hakuna kinachotoka, anafungua nati ya vali, na mchanganyiko unamrukia usoni. Kabla ya kugusa nati yoyote, toa presha kwenye chemba kama bomba lako lina kitufe chake. Kama halina, elekeza mkuki chini mbali na mwili, vaa glavu na miwani, legeza nati robo mzunguko, subiri mlio wa kutoka uishe, ndipo uendelee.

Vipi kwa mabomba ya betri, ambayo sasa yamejaa? Wengi wanaamini kile kitufe cha kuzungusha ni kidhibiti cha presha. Ni kidhibiti cha mwendo wa mota. Ndani kuna pampu ndogo ya kiwambo na swichi inayokata umeme presha ikizidi, kisha kuuwasha ikishuka. Triga ikiwa wazi, presha kwenye nozeli inategemea mota, na mota inategemea betri. Betri ya 12 V ikielekea kuisha, mota inapunguza mwendo na nozeli inapungua bila mpulizaji kuhisi, kwa sababu mkono wake haupo kwenye pampu tena. Vali inaponya hilo kabisa, na kwa maoni yetu bomba la betri linaihitaji kuliko la mkono. Kuna sharti moja: kwa nozeli ndogo, mota ikiwa kasi ya juu, presha ya nyuma ya vali inapanda hadi swichi inakata, inawasha, inakata tena, na unasikia mlio wa kudakadaka. Ukiacha hivyo, swichi inaungua. Punguza kitufe mpaka mota inaunguruma kwa mfululizo na vali bado iko wazi. Hapo ndipo pake.

Wenye trekta wakiulizia vali hii kwa ajili ya bumu (mkono mrefu wenye nozeli nyingi), jibu ni hapana, na sababu inaonyesha jinsi mifumo hii inavyotofautiana. Pampu ya trekta inayozungushwa kwa mizunguko 540 kwa dakika huleta maji mengi kuliko nozeli zinavyohitaji. Kidhibiti chake hakibani njia ya mbele. Kinafungua njia ya pembeni na kurudisha ziada tangini, ambako pia inakoroga dawa. Bomba la mkono halina ziada ya kurudisha, kwa sababu kila lita imetolewa jasho, kwa hiyo kinachowezekana ni kubana. Kwenye mashamba ya ngano ya Basotu au Narok kazi ya mpulizaji ni kuseti geji, tuseme 3 bar sehemu zote za bumu zikiwa wazi, kisha kufunga sehemu moja moja na kurekebisha kitufe cha marejeo cha sehemu hiyo mpaka geji irudi 3. Asipofanya hivyo, kila akifunga upande mmoja kwenye kona, nozeli zilizobaki zinapata zaidi. Na asitumie presha kufidia mwendo: kutoka kilomita 6 hadi 8 kwa saa kwa lita zilezile kwa hekta, 3 bar inabidi iwe 5.3, na matone yanageuka moshi.

Kwa nani, basi, vali nyekundu ya 1.5 bar? Kwa yeyote anayepuliza viuagugu kwa bomba la mgongoni, tuiweke ya kwanza kununuliwa baada ya glavu. Kwa anayekodisha vibarua kwa ekari, tunaipendekeza bila kusita, kwa kuwa vibarua wawili wenye mabega tofauti watatoa kiasi kimoja. Kwa mwenye bustani ya nyanya na pilipili hoho pekee, aanzie na ya 3 bar au aache. Kwa mwenye bomba lililochoka, atengeneze pampu kwanza. Nunua mbili kwa pamoja, moja ibaki kavu ndani ya mfuko na oringi za akiba, na iliyo shambani ipimwe kwa jagi mwanzo wa kila msimu, kabla dawa haijafunguliwa.